Kicheko cha Punda Kina Mwenyewe

Kwa msomaji ambaye ukurasa huu wa wiki iliyopita ulifungiwa misumari dukani kabla hajausoma, nitarudia masaibu yangu kwa ufupi, ingawa aibu ni kitu kisichofupishika vizuri.

Mjomba wangu ni fundi redio mstaafu. Miaka arobaini iliyopita, katika chumba cha nyuma cha karakana yake, alibuni mchezo wa mashine akauita Mzigo Ufike. Mashine yenyewe ilikuwa kabati la bati lenye kioo cha televisheni kifuani na tundu la sarafu kitovuni. Ukitumbukiza sarafu unapata punda mwenye gunia mgongoni, nawe unampandisha ngazi za ghorofa saba huku wapangaji wakimmwagia maji machafu kutoka madirishani. Ukishindwa, punda anakucheka. Ukishinda, anakupiga teke, kwa kuwa mjomba ni mtu wa kuheshimu methali.

Sasa kampuni moja ndogo inataka kuurudisha mchezo huo katika mashine za kisasa, zile zinazochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, pamoja na michezo mingine kumi na miwili ya zama zile. Mimi, mhadhiri wa historia, bingwa wa nyaraka zilizoonjwa na mchwa, nilipewa kazi ya kuwatafuta wenye haki wote na kurudi na saini zao. Nilidhani mwenye haki ni mmoja, tena ni mjomba, tena namjua mpaka saizi ya viatu.

Wakili wa kampuni, ambaye kwa siri nimempa jina la Bibi Kifungu, alinielimisha. Mchezo wa zamani, alisema, ni kama maiti ya tajiri: kila kiungo kina mrithi wake.

Ikawa kweli. Kiwanda kilichounda makabati kilikufa, kikanunuliwa na kiwanda cha ndoo, na haki zake zikalala miaka ishirini katika faili la vifuniko vya ndoo. Mchoraji wa mandhari ameokoka, sasa ni mhubiri, na alikataa kutia saini mpaka punda avikwe nguo. Tumemvika kaptura. Kampuni ya sabuni, ambayo bango lake lilionekana ghorofa ya tatu, haikutaka kuhusishwa na mnyama asiyeoga. Bango tumelipaka chokaa.

Na wiki iliyopita niliungama lile lililo baya zaidi. Mjomba alipokuwa hospitali akifanyiwa upasuaji wa jicho, niliamua kumsafishia stoo ili akirudi asijikwae. Kwenye kona kulikuwa na kabati la bati lililoota kutu chini ya turubai. Nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu, na nikamshukuru kwa kulibeba. Siku ya pili mjomba aliniambia, bandeji bado ikiwa usoni, kwamba kabati lile ndilo Mzigo Ufike la kwanza kabisa. Nikamjibu kwamba nimelipeleka kwa fundi rangi ling'arishwe.

Nilikimbilia kwa mnunuzi. Akanionyesha kilima cha mabati, akasema kabati langu liko chini yake, na kwamba atalitoa akipata nafasi. Kila Alhamisi mzigo wa kilima kimoja huenda kwenye tanuri, na zamu ya kilima kile ni wiki hii. Nafasi hajaipata. Nami, kwa kuwa kampuni ilikwisha kuupata mchezo wenyewe kwenye mashine nyingine na haikuhitaji kabati, nilijiambia kwamba uongo mdogo haujapata kumuua mgonjwa wa macho.

Hapo ndipo tulipoachana.

Jambo moja ni lazima msomaji alishike. Jicho moja la mjomba limekwisha kabisa. La pili, daktari amesema, halitauona mwisho wa mwaka. Mzee hataki fedha, wala hataki hotuba. Anataka kuliona jina lake likipanda kwenye kioo kikubwa, juu ya punda wake, wakati bado ana jicho la kulionea. Na orodha ya michezo inafungwa Ijumaa hii saa sita mchana. Mchezo wenye saini pungufu unaondolewa, na mlango haufunguliwi tena.

Jumatatu asubuhi niliingia ofisini kwa Bibi Kifungu nikiwa na furaha ya mtu ambaye hajui. Ofisi hiyo iko juu ya duka la magodoro, na kila anayeingia hutamani kulala. Yeye halali. Alipanga karatasi zangu mezani moja baada ya moja, kama mchezaji karata asiye na huruma, kisha akabakisha nafasi tupu pembeni.

"Kimebaki kicheko," alisema.

Nikamwambia kwamba kicheko ni cha punda.

Akanieleza kwa upole kwamba mafundi wake wamekifungua na kukipima, na kwamba punda huyo ni mwanamke. Sauti ya mtu, alisema, ina mwenyewe. Mwenyewe akijitokeza baada ya mchezo kuuzwa, kampuni itauzwa kumlipa.

Nilipendekeza kwamba tutie kicheko kingine. Mimi mwenyewe nilijitolea. Tukafunga dirisha, nikacheka mbele ya simu yake mara sita, kwa bidii niliyowahi kuitumia tu siku ya kutetea tasnifu yangu. Bibi Kifungu alisikiliza yote sita bila kubadilika uso. Alisema punda wangu anasikika kama mhadhiri anayeomba radhi.

Hata hivyo nilimpelekea mjomba akisikie. Alikisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kisha akasema kwamba kama kicheko kile cha zamani kitatolewa, na jina lake litolewe pia, na punda aitwe jina la mtu mwingine.

Nikamuuliza kicheko ni cha nani. Nikambembeleza, nikamkumbusha Ijumaa, nikamkumbusha jicho. Mwishowe akasema kwamba alikuwa mtu, kwamba alicheka mara moja tu mbele ya kinasa sauti bila kujua kimewashwa, na kwamba kuna majina ambayo mtu akiyataja uzeeni yanamvunja meno.

Nikatoka nikiwa na maneno mazuri na nafasi ileile tupu.

Sasa nimfikie mama mkwe, na hapa naomba msomaji aniwie radhi, maana hata kalamu yangu inavua viatu.

Mama yake mke wangu ni mwalimu mkuu mstaafu. Ametawala shule tatu, na nasikia moja kati ya hizo bado inasimama akipita barabarani. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yangu hajapata kucheka mbele yangu. Mimi niliamini kwamba ni heshima ya ukwe. Mke wangu aliniambia kwamba ni kwa sababu sijawahi kusema jambo la kuchekesha.

Jumatano mchana tulikwenda kwake, kama tufanyavyo kila Jumatano. Mke wangu aliingia jikoni. Mimi, mkwe mwema, niliombwa niangalie fimbo ya pazia iliyolegea sebuleni.

Nilipanda kigoda. Kigoda kilikuwa na maoni tofauti. Nilishika fimbo, fimbo ikanifuata, pazia likatufuata sote wawili, na nikatua chini nikiwa nimeviringishwa kama zulia linalopelekwa sokoni.

Na mama mkwe akacheka.

Ilikuwa hivi: vicheko vitatu vifupi vinavyopanda, kwikwi moja, kisha mteremko mrefu kama ndoo inayoanguka ngazini, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka chini.

Nilibaki ndani ya pazia. Si kwamba nilikuwa nimeumia. Nilikuwa nimesikia kicheko hicho mara mia mbili wiki hiyo, kwenye kompyuta ya Bibi Kifungu, kikitoka kinywani mwa punda mwenye kaptura.

Nilipojikwamua niliomba radhi kwa pazia na kwa kigoda, nikaenda jikoni. Mke wangu alikuwa akikata vitunguu. Nilitaka kulisema jambo kwa utaratibu, lenye utangulizi na ushahidi. Lakini ulimi hauna shahada.

"Nimegundua," nilimnong'oneza. "Punda ni mama yako."

Mke wangu hakukiweka kisu chini.

"Hiyo sentensi irudie polepole, mume wangu," alisema. "Nataka kuwa na hakika kabla sijaanza."

Nikamweleza upya, safari hii nikianzia na kinasa sauti. Alisikiliza, akaenda hadi mlangoni kumchungulia mama yake, akarudi. Alikumbuka kwamba zamani, kabla ya kuolewa, mama aliwahi kusomea ualimu katika mji wa karakana ya mjomba, na kwamba alikuwa na redio iliyoharibika mno. Kila wiki ilikuwa na ugonjwa mpya. Baba, Mungu amrehemu, aliitania redio hiyo mpaka siku ya kufa kwake.

Akaniambia kwamba yeye hatamuuliza. Yeye ni mtoto wa nyumba hii na atarudi tena Jumatano ijayo. Mwenye shida na punda ni mimi.

Nilimpigia simu Bibi Kifungu. Nilitarajia kwamba atanipa ushauri, akaja mwenyewe. Alikuwa njiani akimrudisha mjomba kutoka kliniki ya macho, alikompeleka ili aipate saini yake kwa urahisi. Mzee alikuwa ametiwa matone, mwanga ulikuwa ukimchoma, kwa hiyo alibaki kwenye gari chini ya dirisha la sebule, amevaa miwani myeusi ya karatasi. Hakuuliza ni nyumba ya nani. Mimi sikumwambia. Nimekwisha kuwa hodari wa kutomwambia mjomba mambo.

Bibi Kifungu aliketi mbele ya mama mkwe, magoti pamoja, mkoba mapajani. Wanawake wawili wa namna moja wakikutana, hewa ya chumba hujipanga yenyewe katika mstari. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuzunguka: sanaa ya zamani, urithi wa jamii, mchango usiotambuliwa wa akina mama. Wakili hakunipa nafasi.

"Mama," alisema, "tumekuja kwa ajili ya kicheko chako."

Mama mkwe alimtazama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko ambavyo ningependa. Kisha akaangalia pazia lililokuwa bado chini.

"Kwa hiyo alikitumia," alisema.

Bibi Kifungu akamweleza yote: mchezo, punda, ngazi, mashine mpya, Ijumaa. Alisema wanahitaji ruhusa yake kwa sauti ile tu. Karatasi moja, mstari mmoja.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu mkuu anavyomsikiliza mwanafunzi anayeeleza kwa nini kioo kimevunjika. Kisha akasema kwamba hawezi kutoa ruhusa ya kicheko peke yake, kwa sababu kicheko ni sehemu tu. Yeye aliahidiwa mchezo wote.

"Na ninayo karatasi," alisema. Akanigeukia. "Liko kopo la biskuti mvunguni mwa kitanda changu. Mtaka cha mvunguni, baba, unajua mwenyewe."

Naungama kwamba nimeingia katika hifadhi za nyaraka za kila aina. Nimepekua magunia mahali penye popo. Hakuna kitabu cha mbinu za utafiti kilichowahi kunitayarisha kutambaa kwa tumbo chini ya kitanda cha mama mkwe wangu, huku mke wangu amesimama mlangoni akinielekeza kushoto na kulia na kufurahi waziwazi.

Nilitoka na kopo na utando wa buibui. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja. Upande mmoja ulikuwa na mchoro wa nyaya za redio. Upande wa pili ulikuwa na mwandiko ninaoujua, mwandiko wa mjomba, ule wa herufi zilizosimama kama wanajeshi.

Bibi Kifungu aliisoma kwa sauti:

"Mimi niliyetia saini hapa chini nasema kwamba mchezo huu wote, pamoja na punda wake, ngazi zake, na kila kitakachotokana nao sasa na hata milele, ni wako tangu siku utakaponikubali. Nisipokubaliwa unabaki wangu, na punda atanicheka mimi peke yangu."

Chini palikuwa na saini, tarehe, na mashahidi wawili: fundi viatu wa mlango wa pili na muuza betri.

Wakili aliisoma tena kimya. Kisha mara ya tatu. Kisha akavua miwani, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya.

"Huyu mtu," alisema, "ameandika barua ya mapenzi kwa lugha ya mkataba."

Nikamuuliza kama ina nguvu yoyote kisheria. Akasema ina nguvu kuliko karatasi zote nilizomletea, ukichanganya na ya ndoo.

Basi nikauona ukubwa wa msiba. Kama mama mkwe alimkubali mjomba hata kwa siku moja, mchezo ni wake, na saini ya mjomba ni mapambo. Kama hakumkubali, mchezo ni wa mjomba, na kwa mama mkwe tunahitaji kicheko tu. Mimi, kwa upande wangu, nilipiga haraka hesabu ya umri wa mke wangu. Ana miaka thelathini na mitano. Nikapata jibu linaloruhusu kupumua.

"Mama," Bibi Kifungu aliuliza, kalamu mkononi, "ulimkubali, au hukumkubali?"

Mke wangu aliketi kwenye mkono wa kochi. Friji ikanyamaza, kama nayo ilikuwa ikisubiri.

Mama mkwe aliinyoosha sketi yake. Alirudia polepole yale maneno, punda atanicheka mimi peke yangu, kana kwamba hajayasikia miaka mingi. Na yakamshinda. Akacheka: vitatu vifupi, kwikwi, na ndoo ngazini mpaka chini.

Dirisha lilikuwa wazi, maana pazia lilikuwa chini.

Nje, mlango wa gari ulifunguka. Tukasikia mkono ukipapasa ukuta, hatua moja, kisha nyingine. Mjomba akasimama mlangoni na miwani yake ya karatasi, uso ukitafuta.

"Nani amewasha mashine?" aliuliza.

Mama mkwe akasema, kwa sauti ambayo mke wangu baadaye aliniambia hajapata kuisikia katika nyumba ile:

"Imejiwasha yenyewe, fundi."

Mjomba alivua miwani. Mwanga ulimtoa machozi, au tuseme ni mwanga. Alimwita "mwalimu", akamuuliza redio inaendeleaje. Akajibiwa kwamba redio haikuwa mbovu hata siku moja, na kwamba fundi mwenye akili angelijua hilo kwenye wiki ya tatu.

Nilimpisha kiti. Msomaji asidhani kwamba walishikana mikono. Walianza kugombana, kwa adabu kubwa, mara moja, kama watu walioacha ugomvi kwenye meza jana na leo wameukuta bado una joto.

Mjomba alisema kwamba alingoja jibu akakosa. Mama mkwe akasema kwamba alijibu akanyamaziwa.

"Hukunijibu, mwalimu."

"Nilikujibu kwa maandishi, fundi. Miaka arobaini nimekaa nikijua kwamba ulisoma ukakaa kimya."

Akaeleza. Aliileta karatasi ya jibu asubuhi ya Jumapili. Karakana ilikuwa imefungwa, na chini ya mlango hapakuwa na upenyo. Lakini mashine ilikuwa barazani, ile ya kwanza. Aliikunja karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa nyembamba kama sarafu. Akaitumbukiza kwenye tundu, akijua kwamba fundi hufungua kisanduku cha sarafu kila jioni.

Vidole vya mjomba vilikuwa vikitembea juu ya goti, kama vinatafuta waya uliokatika.

"Jumatatu hiyo mashine ilikwama," alisema. "Ikawa inakataa sarafu. Na wiki hiyohiyo nikasikia umechumbiwa. Sikuwa na moyo wa kuifungua. Nikaifunika turubai, nikaunda nyingine."

"Ilikwama," alisema mama mkwe.

"Ilikwama."

Nimesoma nyaraka nyingi maishani. Sijui nyingine iliyozuia mashine kwa miaka arobaini.

Bibi Kifungu, ambaye moyo wake upo lakini umewekwa kwenye faili, alikohoa. Alisema kwamba anawapa pole wote wawili, na kwamba kuna njia fupi. Watie saini wote. Karatasi iseme kwamba mchezo ni wa mmoja wao, yeyote awaye, na kila mmoja ametoa ruhusa. Ijumaa tutafika salama.

Nilidhani tumepona. Nilisahau kwamba nipo mbele ya mwalimu mkuu na fundi.

Mama mkwe alisema kwamba katika maisha yake hajatia saini karatasi yenye neno "huenda", na hataanza na hii. Mjomba akasema kwamba mtu hawezi kutoa kitu kisha akakitilia saini kuwa ni chake. Kama kilikwisha kutoka mkononi mwake, kimetoka, na kama hakikutoka, basi aambiwe.

"Mwambie tu, mama," mke wangu alisema. "Ulimwandikia nini?"

"Niliyoyaandika kwa mkono siyatamki kwa mdomo. Alitaka jibu la maandishi, na mashahidi juu. Atalisoma." Akamgeukia mjomba. "Ule ulikuwa mchezo wako, fundi. Mimi sikuwa mchezo."

Mjomba akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa hitilafu na kuikubali.

"Ni haki yake," alisema. "Nami nataka kulisoma mwenyewe, wakati jicho lipo. Si la mtu kunisomea."

Akaingiza mkono ndani ya shati. Shingoni alikuwa na uzi mweusi ambao siku zote nilidhani ni wa miwani. Mwishoni mwa uzi palikuwa na ufunguo mdogo, mwembamba, uliong'aa kwa kuvaliwa.

Bibi Kifungu alitazama saa. Saa kumi, Jumatano. Alisema kwamba kisanduku kikifunguliwa leo, kesho ataandika mkataba wa aina yoyote itakayotakiwa, wa kicheko au wa mchezo wote, na Ijumaa mchana jina litakuwa mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alitabasamu.

"Basi ni rahisi," alisema mjomba, na uso wake ukawa wa kijana. "Mpwa wangu aliipeleka kwa fundi rangi. Ni mtu mwangalifu sana na vitu vya zamani, ndiyo kazi yake." Akaunyoosha ufunguo hewani, kidogo kando ya mahali nilipokuwa. "Shika, mpwa wangu. Fundi rangi mwenyewe yuko mbali?"

Niliupokea. Ulikuwa bado na joto la kifua chake.

Niliwaza kilima cha mabati. Niliwaza Alhamisi, ambayo ni kesho. Niliwaza tanuri, na mzigo ambao, kwa jina lake lenyewe, hauna budi kufika.

Nilifungua kinywa. Maneno mawili yalikuwa tayari mlangoni, la kweli na la uongo, yakisukumana.

Mama mkwe alikuwa akinitazama. Kwa miaka thelathini na mitano mwanamke yule alisoma nyuso za watoto waliosema kwamba daftari limesahaulika nyumbani. Aliusoma wangu kutoka juu hadi chini, bila haraka, mpaka nukta ya mwisho.

Kisha vikaanza. Vitatu vifupi vinavyopanda. Kwikwi. Na ndoo ikaanguka ngazini, ghorofa baada ya ghorofa.

Mjomba aliligeuza jicho lake moja kuelekea sauti, kisha kuelekea kwangu. Yeye ndiye aliyeuunda mchezo ule, na anajua kicheko hicho kinawekwa wapi, na mchezaji huwa amefanya nini.

"Mpwa wangu," aliuliza kwa upole. "Anamcheka nani?"